Waliompenda Mbaraka bila kumwona

Historia ya muziki wa dansi wa Tanzania imesimuliwa zaidi na waliokuwa karibu na jukwaa. Ukiisoma utapitishwa ukumbi wa Arnautoglo, utapelekwa ule wa DDC Kariakoo, utatajiwa nani alicharaza gitaa la solo na nani alihama bendi gani kwa hasira. Mpenzi wa bendi aliyekuwa Uchindile hayumo. Kwangu hilo ni pengo kubwa, maana watu wa namna yake ndio waliokuwa wengi, na ndio walioifanya bendi ya mji mmoja kuwa bendi ya nchi nzima.

Uchindile iko wilayani Kilombero, mbele ya Mlimba, pale treni ya TAZARA inapoliacha bonde na kuanza kupanda kuelekea Makambako. Mahandaki mengi ya reli hiyo yako katika kipande hicho cha milima. Ujenzi ulianza mwaka 1970, na reli yote, kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, ikakabidhiwa mwaka 1976. Kwa mpenda dansi wa huko, mji wa muziki ulikuwa Morogoro, na kwenda Morogoro ni safari: uteremke hadi Ifakara, uvuke Kidatu, upite Mikumi, ndipo uanze kuuliza kiingilio ni shilingi ngapi.

Na Morogoro ya miaka ya 1960 ilistahili safari. Mji ule haukuwa mkubwa, ila ulikuwa na bendi mbili ambazo Dar es Salaam yenyewe iliziheshimu. Upande mmoja Cuban Marimba ya Salum Abdallah, upande wa pili Morogoro Jazz. Salum ndiye mfano wangu wa kwanza wa mshabiki, kwa sababu alikuwa shabiki kabla hajawa mwanamuziki. Santuri za GV, zile zilizoleta rumba ya Cuba Afrika Mashariki, zilimkolea hadi, inavyosimuliwa, akatoroka nyumbani akiwa kijana ili aende Cuba kwenyewe. Akaishia Mombasa. Cuba hakuifikia, akaamua kuileta Morogoro, na jina la bendi yake linajieleza. Alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1965, na uongozi wa bendi ukashikwa na Juma Kilaza.

Miaka hiyohiyo Morogoro Jazz ilimpata Mbaraka Mwinshehe Mwaruka, kijana aliyezaliwa Mzenga, Kisarawe, mwaka 1944. Mji ukagawanyika. Mtu alikuwa wa Mbaraka au wa Kilaza, na kukaa katikati ilikuwa kujinyima raha. Mwaka 1970 Morogoro Jazz walikwenda Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya Expo 70. Mwaka 1973 Mbaraka akaondoka na kuunda Super Volcano. Januari 1979 akafa kwa ajali ya gari Mombasa, hajatimiza miaka 35. Hesabu ya haraka itakuonyesha kwamba umaarufu wote ule, kutoka kujiunga hadi kufa, haukufika hata miaka 15.

Yote haya mtu wa Uchindile aliyapata kwa sikio. Redio Tanzania Dar es Salaam, RTD, ilipata jina hilo mwaka 1965, ikawa kituo cha matangazo na studio ya taifa kwa pamoja. Bendi iliingia studio, maneno ya nyimbo yamekwisha kukaguliwa, ikapiga, ikarekodiwa, ikaondoka. Nchi haikuwa na kiwanda cha santuri. Aliyetaka santuri ya Mbaraka alingoja itolewe Kenya, na mikoani ilifika chache. Wimbo mwingi uliorekodiwa RTD haukuuzwa mahali popote. Uliishi hewani tu. Mshabiki aliishi kwa kuvizia: hajui utapigwa saa ngapi, anajua tu kwamba redio ikiwa imezimwa utampita.

Na redio ilikula betri. Hapa ndipo mapenzi yalipopimwa. Betri kubwa za National zikichoka zilitolewa, zikaanikwa juani juu ya bati au jiwe, zikarudishwa jioni zimepata nguvu kidogo, za nyimbo mbili tatu. Mwenye redio alijifunza ubahili wake: hotuba anazima, taarifa ya habari anawasha kwa sauti ndogo, muziki anafungulia jirani wasikie. Baada ya vita vya Kagera maduka yakabaki matupu, na betri ikawa zawadi ya kumpelekea mkwe. Mlimani Park, wanaojulikana kama Sikinde, hawakukosea walipokuwa na wimbo unaoitwa Majirani Huzima Redio. Redio ilikuwa sehemu ya maisha ya mtaa, na kuizima nako kulikuwa na maana yake.

Kulikuwa na njia moja ya mshabiki wa mbali kuingia ndani ya redio mwenyewe: kadi ya salamu. Uliinunua, ukaijaza majina ya ndugu, jamaa na marafiki, ukataja wimbo uupendao, ukaiposti Dar es Salaam na kungoja. Wiki zikipita mtangazaji akasoma jina lako na la kijiji chako, ulikuwa mtu mwingine siku hiyo. Wapo waliokuwa maarufu nchi nzima kwa kutuma salamu tu. Mimi nawahesabu miongoni mwa watu wa muziki, sawa na wapiga tumba.

Usikilizaji wa namna hii ulizaa masikio makali. Mwaka 1978 wanamuziki kadhaa walipotoka JUWATA Jazz, iliyoanza mwaka 1964 kwa jina la NUTA, na kuunda Mlimani Park, shabiki wa Dar aliambiwa na tangazo la ukumbini. Shabiki wa bara aliutambua uhamisho kwa sauti. Ni mwimbaji Bitchuka yuleyule, lakini magitaa mengine. Ni mwimbaji mwenzake, Gurumo, lakini tarumbeta zinaitikia kwa namna ngeni. Mwaka 1985 Gurumo alipohamia Safari Sound na mtindo wa Ndekule, kazi ya kubahatisha ikaanza upya. Nyimbo zenyewe zilisaidia: nusu ya kwanza ni kisa, kinakwenda polepole na kila neno linasikika, kisha linaingia chemko, magitaa yanapokezana, na hapo ndipo mjuzi alipomtaja mpigaji kabla ya mtangazaji.

Kisa chenyewe mara nyingi kilikuwa habari. Dkt. Wilbert Kleruu, mkuu wa mkoa wa Iringa, aliuawa tarehe 25 Desemba 1971, na Mbaraka akamtungia wimbo wa maombolezo. Iringa ndiyo nyanda zinazolitazama bonde la Kilombero kutoka juu. Kwa watu wa maeneo haya huo ulikuwa msiba wa jirani.

Tusidhani kwamba huku kulikosekana muziki wa kuonwa kwa macho. Bonde lina ngoma zake, Sangula ya Wapogoro ikiwa mojawapo, na ngoma haihitaji jenereta. Tena majina mawili makubwa ya dansi, Msondo la JUWATA na Sikinde la Mlimani Park, ni ya ngoma za Wazaramo. Aliyelelewa na ngoma hakuhitaji kuelezwa kwa nini bendi ina mtindo, au kwa nini mashabiki hujiita kwa mtindo huo. Tabora Jazz walikuwa na Segere Matata, Western Jazz na Saboso, Vijana Jazz wakaja na Pamba Moto. Kujiita mwana Msondo ukiwa Mlimba, hujawahi kulipa kiingilio hata mara moja, halikuwa jambo la kuchekesha.

Reli ilipotulia, kanda zikapanda treni. Ile treni fupi ya bondeni, ambayo watu waliiita kipisi, ilibeba mchele, ndizi na wachuuzi, na kwenye mifuko ya wachuuzi kulikuwa na kaseti zilizorekodiwa kutoka redioni. Ilikuwa nakala ya nakala: mwanzo wa wimbo umekatwa, sauti ya mtangazaji imeingia katikati, na jina lililoandikwa kwa kalamu kwenye karatasi mara nyingi si la wimbo wenyewe. Mkanda ukilegea uliuzungusha kwa kalamu hiyohiyo ili kuokoa betri. Kutoka juu, Iringa, kulikuwa na Tancut Almasi, bendi ya kiwanda cha kukata almasi, na mapacha wake Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa. Hao walikuwa na faida moja juu ya Sikinde: walikuwa karibu kidogo.

Mwaka 1994 redio binafsi zilianza, bongo fleva ikafuata, kisha simu. Leo kijana wa Uchindile anaweza kumwona msanii kwenye kioo kabla hajamsikia redioni. RTD yenyewe imekuwa TBC, na kanda zake za miaka ile bado ni hazina isiyopatikana kwa urahisi na mwananchi aliyeisikiliza bure kwa betri zake. Hilo halijakaa sawa. TBC wazifungue nyimbo hizo kwa umma, na wanamuziki au warithi wao walipwe haki yao. Na wewe msomaji, kama kwenu Ifakara, Mlimba au Uchindile kuna kaseti za zamani kwenye kasha, usizitupe. Wapo wanaoweza kuzihamishia kwenye kompyuta, watafute. Halafu kaa na mwenyewe aliyezirekodi, muulize ni wimbo gani na bendi gani, uandike, maana karatasi ya juu huenda inadanganya.