Upofu Uliozuka Dar es Salaam

Tangu mwaka 1988 waganga wa macho katika mji wa Dar es Salaam walianza kuletewa vijana wenye ugonjwa wa ajabu. Macho yao hayakuwa mekundu wala hayakuwa na ukungu; ukiyatazama wayaona mazima. Walakini wenyewe walisema kwamba hawaoni vema katikati ya kila walitazamalo, tena macho yote mawili kwa pamoja.

Mtu wa namna hii aweza kupita katika vichochoro vya Temeke au Kinondoni asijikwae, maana pembeni aona. Lakini herufi za kitabu zampotea, na rangi pia, na rafiki amsalimuye humjua kwa sauti. Watoto wa shule za msingi nao hawakusalimika, kama ulivyoonyesha uchunguzi uliochapishwa mwaka 1998. Wasomaji wetu walimu wataelewa jinsi ilivyo rahisi kumwita mtoto kama huyo mvivu.

Wagonjwa wengi walisema pia kwamba nyayo zao zawaka moto au zimekufa ganzi, na wengine walikuwa wazito wa kusikia. Basi kosa halikuwa katika jicho, bali katika mshipa wa fahamu uchukuao habari zake. Na mshipa huo si kitu mbali na ubongo: mtoto akiwa tumboni, huchipuka katika ubongo wenyewe.

Mtu angeweza kushuku muhogo, kwa kuwa mwaka 1985 watu wa Tarime walipatwa na konzo kwa kula muhogo mchungu usiotengenezwa vema. Lakini konzo hukaza miguu ghafula, wala haileti ganzi ya nyayo. Ugonjwa wa Dar es Salaam wafanana zaidi na ule ulioelezwa na mganga Henry Strachan huko Jamaica mwaka 1888, miaka mia kamili kabla yake. Yeye alidhani ni malaria; siku hizi twajua kwamba ni upungufu wa vitamini.

Hata mwaka 2011 wachunguzi walichapa habari kwamba wagonjwa wa Tanzania walikuwa na upungufu wa folati kuliko watu wasiougua, na kwamba moshi wa kupikia ndani ya nyumba wazidisha hatari. Folati hupatikana katika mchicha, kunde, maharage na maini. Nayo ni dhaifu mbele ya moto, na mboga ikichemshwa mno na maji yake yakamwagwa, nyingi hupotea. Habari ya moshi haitushangazi. Aliyepanga chumba kimoja hana jiko la uani wakati wa masika. Jiko la mkaa huletwa mlangoni, na moshi hukaa pamoja na watoto.

Kisiwani Cuba, ambako watu zaidi ya 50,000 walipatwa na ugonjwa wa jinsi hii tangu 1991, moshi ulikuwamo pia, ila ule wa tumbako. Mwaka 1993 serikali iligawa vidonge vya vitamini kwa watu wote, wagonjwa wapya wakapungua upesi, na wengi waliotibiwa mapema waliona tena. Lakini nyuzi za mshipa huo zikisha kufa hazioti tena, hata mgonjwa apewe vidonge vingapi.