Laiti Bukharin Angalishinda: Kikazaki na Swali la -ngali-

Wanasarufi hutufundisha kwamba kiambishi -ngali- hutaja tendo ambalo wakati wake umepita bila kutendeka. Wanahistoria wengi hukiogopa. Hata hivyo, kila adaiye kwamba Stalin ndiye aliyesababisha jambo fulani amekwisha kukitumia kimyakimya, kwani maana yake ni kwamba asingalikuwapo yeye, jambo hilo lisingalitokea. Heri tukitumie waziwazi, na mfano wangu ni lugha ya Kikazaki katika Muungano wa Kisovieti.

Nafasi ya kupata kiongozi mwingine ilikuwapo. Tarehe 4 Januari 1923 Lenin, akiwa mgonjwa, alishauri kwa maandishi kwamba Stalin aondolewe katika ukatibu mkuu wa chama. Wajumbe wa Mkutano Mkuu wa 13 walisomewa ushauri huo Mei 1924, Lenin akiwa amekwisha kufariki, na Stalin akabakia. Miaka minne baadaye Nikolai Bukharin alipinga kuwanyang'anya wakulima nafaka kwa nguvu. Alishindwa, na Machi 1938 akapigwa risasi.

Je, Bukharin angalishinda, Kikazaki kingalikuwa na historia gani? Katika suala la hati, nadhani tofauti isingalikuwa kubwa. Mkutano wa wataalamu wa lugha za Kituruki uliofanyika Baku mwaka 1926 uliunga mkono hati ya Kilatini, na wengi wa waliohudhuria waliiamini kwa dhati. Kikazaki kiliacha hati ya Kiarabu mwaka 1929, kisha mwaka 1940 kikapewa hati ya Kirusi. Msomaji wa Kiswahili anaielewa hasara hiyo: mzee aliyeandika barua zake kwa hati ya Kiarabu alijikuta, hati ya Kirumi ilipotawala shuleni na ofisini, akihesabiwa miongoni mwa wasiojua kusoma. Amri ya Machi 1938 iliyolazimisha Kirusi katika shule za jamhuri zote ilikwenda kinyume na hoja za Lenin za mwaka 1914. Lakini jeshi na viwanda vilihitaji lugha moja, na yamkini Kirusi kingalienea vivyo hivyo, ila polepole.

Tofauti kubwa imo katika idadi ya wasemaji. Wafugaji wa kuhamahama walilazimishwa kukaa mahali pamoja, mifugo yao ikachukuliwa, na katika njaa ya 1930 hadi 1933 Wakazaki zaidi ya milioni 1 walikufa. Mwaka 1926 walikuwa zaidi ya nusu ya wakazi wa nchi yao. Mwaka 1959 walikuwa asilimia 30 tu. Kweli, sehemu ya upungufu huo wa uwiano ilitokana na walowezi waliomiminika kuanzia 1954, wakati wa Khrushchev, na unyang'anyi wa mifugo ya matajiri ulianza mwaka 1928, kabla Bukharin hajaondolewa. Lakini njaa ya kiasi kile haielezeki bila siasa ambayo yeye aliipinga. Lugha hubadili hati ikaishi. Wasemaji waliokufa hawana mbadala.

Wataalamu nao hawakusalimika. Ahmet Baitursynov, aliyeirekebisha hati ya Kiarabu ili ifae sauti za Kikazaki na kutunga istilahi za sarufi yake, alipigwa risasi Desemba 1937. Nyingi za istilahi hizo zingali zinafundishwa katika shule za Kazakistani.