Poka: Pale ree mbili zinapofaa kutupwa

Katika poka ya Texas Hold'em, hakuna mwanzo bora kuliko ree mbili. Dhidi ya karata zozote za mpinzani mmoja, hushinda takriban mara 85 kwa 100. Anayecheza kwa fedha taslimu hana sababu ya kuzitupa kabla ya karata za mezani kufunuliwa. Katika mashindano ya mchujo, sababu huweza kuwapo.

Mashindano hayo hutoa tiketi za kuingia shindano kubwa zaidi, na tiketi zote huwa na thamani moja. Tuseme mchezaji amesafiri kilomita zipatazo 160 kutoka Nakuru hadi Nairobi kuwania mojawapo ya tiketi 10, na wamebaki watu 11. Yeye ni wa pili kwa wingi wa chipu. Mwenzake mmoja amebakiwa na chipu za kulipia dau moja tu la lazima. Ndipo anayeongoza anaposukuma chipu zake zote mezani, naye huyu wa Nakuru anachungulia karata zake na kuona ree mbili.

Akikubali na kushinda, atapata tiketi ile ile ambayo karibu ataipata kwa kukaa kimya. Akishindwa, nako ni takriban mara 15 kwa 100, atarudi Nakuru mikono mitupu. Kuzitupa ndiko sahihi, ingawa moyo hukataa.

Zawadi zikiwa za ngazi, wa kwanza akimzidi wa pili, hesabu hubadilika. Hapo ree huchezwa. Jozi ya malkia ndiyo huzua mjadala, hasa amebaki mtu mmoja wa kutolewa kabla ya zawadi kuanza.