Kanuni za Kikao: Istilahi ya Michezo na Suala la Haki

Kanuni za kikao ni masharti ambayo wachezaji hujiwekea wenyewe juu ya sheria za mchezo unaojulikana, nayo huwabana wao tu. Watoto wanaocheza kandanda mtaani wanazijua: kona tatu, penalti. Sharti hilo hulikuti katika sheria 17 za kandanda, lakini vichochoroni halipingwi.

Waingereza hulinasibisha jambo hili na nyumba, na wafasiri wengi hufuata njia hiyo wakaandika "sheria za nyumbani". Tafsiri hiyo inapotosha mara mbili. Kwanza, msomaji atadhani ni amri za baba kuhusu saa ya kulala. Pili, "sheria" ni neno zito mno. Katika lugha ya serikali, sheria hutungwa na Bunge, nazo kanuni hutungwa chini yake. Masharti ya wachezaji nayo yako chini ya sheria za mchezo, hivyo "kanuni" ndilo neno lake.

Na kwa nini "kikao"? Tutazame Lafey, Kaunti ya Mandera, katika nchi ya Wasomali ambako shax huchezwa bila nyumba wala meza. Miraba mitatu huchorwa mchangani, mmoja ndani ya mwingine, ikaunganishwa katikati ya kila upande. Hupatikana makutano 24. Kila mchezaji ana kete 12; huyu mawe, yule vijiti. Huzipanga kwa zamu mpaka uwanja ujae, bila kula. Aliyetangulia kupata safu ya kete tatu, yaani jare, ndiye anayeanza kuondoa kete ya mwenzake. Hizo ni sheria za shax yenyewe. Ila je, kete ikiguswa ni lazima ichezwe? Watazamaji waruhusiwe kushauri? Hayo huamuliwa na waliokaa hapo. Hata xeer, sheria ya kimila ya Wasomali, msingi wake ni mapatano ya watu walioketi pamoja.

Haki ya kanuni hizi hupimwa kwanza kwa wakati. Ushauri wa watazamaji ukikatazwa kabla ya kete ya kwanza, atakayeshindwa hana la kulalamika. Ukikatazwa baada ya mjomba wa mmoja kufika na kuanza kumwelekeza, hiyo ni hila.

Kipimo cha pili ni kigumu zaidi: kanuni yaweza kuwahusu wote kwa maneno, ikamuumiza mmoja kwa vitendo. Mfano mzuri unatoka katika michezo ya uigizaji wa mezani kama Dungeons & Dragons, iliyochapishwa Marekani mwaka 1974, ambamo msimamizi husimulia kisa, wachezaji huigiza wahusika, na dadu huamua matokeo. Vikao vingine huweka kanuni kwamba dadu ya pande 20 ikitua 1, silaha humponyoka mshambuliaji. Inaonekana ni sawa kwa wote. Lakini mpiganaji anayerusha dadu mara nne katika zamu moja ana uwezekano wa karibu asilimia 19 wa kupata 1 walau mara moja. Mchawi anayerusha mara moja ana asilimia 5 tu. Kadiri mpiganaji anavyobobea na kuongezewa mashambulizi, ndivyo anavyozidi kuangusha upanga wake. Msimamizi hakukusudia upendeleo, ila upendeleo upo.

Cha tatu ni ridhaa. Yule mtoto mwenye mpira anayetishia kuondoka nao kila akipokonywa hatungi kanuni ya kikao, kwa maana kikao hakikushirikishwa. Msimamizi anayebadili masharti katikati ya kisa ili kumwokoa mhusika ampendaye hana tofauti naye.

Basi waandishi na wafasiri wa michezo, tuandike "kanuni za kikao". Nanyi wachezaji, zitajeni kabla ya kuanza, mpime zinamwangukia nani, na mkitaka kuzibadili, subirini mchezo uishe.