Antena ya nje ya WiFi juu ya gari: namna inafanya kazi na namna ya kuifunga

Gari nyingi za kazi zinatembea siku hizi na kompyuta ndani: timu za chanjo, waandishi wa habari, wale wenye kupeleka sinema mu vijiji. Jioni ikifika, shida ni ileile. WiFi iko pale, mita mia mbili tu, kwenye parokia ao kwenye hospitali, lakini ndani ya gari hakuna kitu kinapita. Ripoti ya siku inalala mu kompyuta mpaka kesho. Antena ya nje inaweza kutatua hiyo shida, lakini watu wengi wananunua ile haifai, ao wanaifunga vibaya mpaka maji inaingia mu gari. Tunaeleza hapa mambo ya kujua mbele ya kutosha pesa mfukoni.

Juu ya nini WiFi haiingii mu gari

Gari ni sanduku ya chuma. Mawimbi ya WiFi hayapiti mu chuma. Yanaingia kwa vioo tu, na yale yanaingia ni machache. Ndiyo maana ukishuka na simu mkononi, rezo inarudi.

Kuna jambo la pili wengi hawalifikirie. WiFi ni mazungumzo ya watu wawili. Ruta ya parokia iko na sauti kubwa, simu yako iko na sauti ndogo. Simu inaweza kumusikia ruta vizuri, inakuonyesha mistari yote ya rezo, kumbe ruta haimusikie simu hata kidogo. Unabonyeza, unangoja, hakuna kitu. Antena nzuri inasaidia pande zote mbili: inasikia zaidi, na inasikika zaidi. Kwa hiyo inafaa kuliko kuongeza nguvu ya kutuma peke yake, kwa sababu mwenye kupaza sauti hapati masikio mapya.

Desturi hii ya antena juu ya gari inajulikana sana Ulaya na Marekani, kwa watu wenye gari-nyumba: gari yenye kitanda na jiko ndani. Wanalala kwenye kambi za wasafiri, na WiFi ya kambi iko mbali, kwenye ofisi ya mapokezi. Hapa kwetu ni wachache wako na gari-nyumba, lakini basi dogo ya timu ya afya yenye kulala siku tatu mu kijiji iko na shida ileile, na dawa yake ni ileile.

Jaribu kwanza, nunua kisha

Antena haitengenezi intaneti. Inafuata ile iko tayari. Kwa hiyo fanya jaribio hili la bure: chukua simu, panda juu ya galeri ya gari, simama, ungana na WiFi. Ikipita vizuri kule juu na ndani haipite, antena itakusaidia. Kama hata juu ya galeri rezo haionekane kabisa, songeza gari kwanza. Mita ishirini upande wa kushoto, mbali na ukuta ao na migomba, zinaweza kufaa kuliko kifaa cha dola mia.

Mawimbi ya WiFi ya gigahezi 2.4 yanapenda njia wazi. Kilima kinayafunga kabisa. Majani yenye mvua yanayakunywa. Hata kama unaona jengo kwa macho, njia inahitaji nafasi pembeni: kwa umbali wa kilometa 1, pale katikati, mawimbi yanataka karibu mita 5 na nusu za wazi kila upande. Ni kwa sababu hiyo kupandisha antena mita mbili juu ya mti mrefu ao bomba kunaleta tofauti kubwa.

Antena gani?

Nguvu ya antena inahesabiwa kwa dBi. Watu wanaona namba kubwa, wanachukua namba kubwa. Hapo ndipo kosa linaanzia.

Antena haiongezi nguvu toka hewani, inakusanya tu. Ile ya fimbo, yenye kusikia pande zote, inafinya mawimbi yake yawe bapa kama sahani. Ile ya dBi 5 iko na sahani nene. Ile ya dBi 12 iko na sahani nyembamba sana, kama nyuzi 7 tu kutoka juu mpaka chini. Mu uwanja wa tambarare ni vizuri. Lakini fikiria Bukavu: gari iko chini karibu na ziwa, ruta iko juu kwenye kilima. Sahani nyembamba inapita chini ya ruta, haiigusi. Na gari ikisimama kwenye mteremko, fimbo inainama pamoja na gari, upande moja sahani inachoma ardhi, upande mwingine inaangalia mawingu. Kwa milima yetu, fimbo ya dBi 5 mpaka 8 inafaa kuliko ile ndefu ya bei kali.

Kama gari inasimama siku nyingi fasi moja, na unajua ruta iko wapi, chukua antena ya upande moja, ile ya bapa ao ya sahani. Inabidi kuielekeza kwa mkono kila mara, lakini inakusanya vizuri na inaacha kusikia kelele za rezo zingine.

Angalia pia kwamba ni ya WiFi kweli. Antena ya 4G inafanana nayo kwa macho, lakini masafa yake ni mengine.

Kable ndiyo mwizi

Hii ndiyo sehemu yenye kuharibu kazi ya watu wengi. Mawimbi ya WiFi yakipita mu kable ya antena, yanapotea njiani. Kable nyembamba ya RG58, ile inapatikana kila fasi, inakula karibu dB 1 kwa kila mita. Ukinunua antena ya dBi 8 na ukaifunga na mita 5 za hiyo kable, dB 5 zimeenda: theluthi moja tu ya nguvu ndiyo inafika. Umelipa 8, unabaki na 3, sawa na kifimbo kidogo cha nyuma ya ruta. Kable nene ya aina ya LMR-400 inakula karibu dB 0.2 kwa mita, lakini ni ngumu kama tawi na haipiti vizuri mu mlango wa gari.

Dawa nzuri ni kuondoa safari hiyo. Kuna vifaa vya nje ambavyo antena na ruta viko pamoja mu sanduku moja isiyoingiza maji. Kifaa chote kinakaa juu, na kinachoshuka mu gari ni kable ya kompyuta ya kawaida, yenye kubeba data na umeme pamoja. Hiyo inaweza kuenda mpaka mita 100 bila shida. Ndani unaweka ruta ndogo ya pili yenye kugawa WiFi kwa watu. Kama uko na uwezo wa kuchagua, chagua njia hii.

Wenye kubaki na kable ya antena, wachunguze vichwa vyake. Kuna vichwa viwili vya SMA vyenye kufanana na kufungana vizuri, lakini kimoja kiko na sindano katikati na kingine kiko na tundu kwa njia ya kinyume. Ukichanganya, nyuzi zinakaza sawasawa, kumbe katikati hakuna kitu kinagusa. Fundi anasema antena ni mbovu, na si kweli. Tazama katikati mbele ya kulipa.

Kuifunga juu ya gari

1. Usitoboe kama haiko lazima. Jipu na basi nyingi za kwetu ziko na galeri ao ngazi ya nyuma. Funga bomba hapo na vishikio vya chuma, upitishe kable mu mpira wa mlango wa nyuma.

2. Sumaku inashika chuma tu. Haitashika paa la aluminiamu ao la fibagilasi, na kwa barabara zetu inaruka.

3. Antena isimame wima, ipite juu ya mizigo. Bidoni na vyuma pembeni vinaifunga. Iache walau sentimita 30 mbali navyo.

4. Kama unatoboa, paka rangi ya kuzuia kutu kwenye mdomo wa tundu mbele ya kuweka kitu. Usitumie silikone yenye kunuka siki juu inakula chuma. Omba ile isiyo na harufu hiyo.

5. Kable ishuke chini kidogo ya tundu kisha ipande kuingia. Maji ya mvua yatadondoka pale chini, hayatafuata kable mpaka mu gari.

6. Vichwa vya nje vifungwe na utepe wa mpira wenye kujishika wenyewe, kuanzia chini kuenda juu. Ni kama manjanja za nyumba: ya juu inalala juu ya ya chini. Lakini katundu kadogo chini ya antena usikazibe, ni njia ya maji kutoka.

7. Mbele ya safari, laza bomba ao litoshe. Tawi la kwanza la mwembe halitakuuliza.

Umeme wa batri

Kifaa cha nje na ruta ndogo pamoja vinakula kama wati 12, maana yake ampea 1 kwa batri ya volti 12. Usiku wa saa 10, ni ampea-saa 10. Batri nzuri ya 70 inavumilia. Batri ya zamani itakuacha asubuhi gari ikikataa kuwaka. Weka fizible karibu na batri, na kumbuka malori mengi ni ya volti 24: soma kwenye kifaa mbele ya kuunga.

Radi si mchezo

Hapa kwetu hii sehemu ni ya maisha. Uchunguzi wa satelaiti uliotangazwa mwaka 2016 uliweka eneo la Kabare nafasi ya 2 duniani kwa wingi wa radi, nyuma ya Ziwa Maracaibo la Venezuela: karibu miale 205 kwa kilometa mraba moja kila mwaka. Mtu mwenye kukaa ndani ya gari ya chuma, vioo vimefungwa, amelindwa vizuri kuliko mwenye kujificha chini ya mti. Lakini kable yenye kutoka juu ya bomba mpaka kwenye kompyuta ya magoti yako inafungulia radi mlango.

Kwa hiyo mawingu yakianza kuwa meusi, laza bomba na tosha kable mu vifaa. Fanya hivyo mapema. Ngurumo ikishasikika, usipande tena juu ya gari hata kama ripoti haijaenda. Ripoti inaweza kungoja.

Omba ruhusa

WiFi ya parokia inalipwa na mtu. Uliza mwenyewe, mupatane saa na kiasi, usipakue video. Na kwa mwenye kutaka kuweka vifaa vya nguvu kubwa, ARPTC ndiyo yenye kusimamia masafa mu inchi yetu. Afadhali kuuliza mbele kuliko kujieleza kisha. Kwa kutuma ripoti ya chanjo ao sauti ya dakika tatu kwa habari za jioni, antena ndogo yenye kufungwa vizuri inatosha.