Watoto wa Medici: Picha Zilisema Hili, Mifupa Ikasema Lile

Mwaka 1545, mchoraji Agnolo Bronzino wa Florence, Italia, alimchora Giovanni de' Medici, mwana wa mtawala wa mji huo, Cosimo wa Kwanza. Mtoto hajafikisha miaka miwili. Mashavu yamemjaa, amevaa satini nyekundu, anacheka hadi vijino vinaonekana, na mkononi kamshika ndege mdogo. Shingoni ana mkufu wenye kipande cha marijani, nacho hakikuwa pambo tu. Wataliano wa enzi hizo waliamini marijani humkinga mtoto na jicho la hasidi, na ikulu haikuona aibu kumvika.

Kicheko kile ni cha nadra. Watoto wa wakubwa walichorwa kama watu wazima waliopunguzwa kimo. Hans Holbein alipomchora Edward, mwana wa Mfalme Henry wa Nane wa Uingereza, picha iliyotolewa kwa mfalme kama zawadi ya mwaka mpya wa 1539, alimwinulia mkono kama mtu anayebariki umati, na kayamba yake ya kuchezea akamshikisha kama fimbo ya enzi. Chini kuna beti za Kilatini zinazomhimiza afuate nyayo za baba yake. Kitoto cha mwaka na ushei!

Lakini Henry alikuwa amehangaika miaka mingi kutafuta mrithi wa kiume. Cosimo naye alishika madaraka mwaka 1537 akiwa na miaka 17, baada ya jamaa yake Alessandro kuuawa, na hakutoka katika tawi kuu la ukoo. Mtawala wa namna hiyo alihitaji watu waone kwamba nyumba yake ina watoto, tena wenye afya. Yeye na mkewe, Eleonora wa Toledo, walijaliwa watoto 11.

Bia, binti wa Cosimo, ni habari nyingine. Cosimo alimzaa kabla ya ndoa, jina la mama yake likafichwa, naye akalelewa ikuluni. Hakuwa mrithi wa chochote. Homa ilimuua mwaka 1542 akiwa na miaka kama mitano. Katika picha ya Bronzino amevaa nguo nyeupe, na kifuani ana medali yenye sura ya baba yake. Wengi wanaamini ilichorwa baada ya kifo chake. Kwangu mimi, hiyo ndiyo picha pekee kati ya hizi iliyochorwa kwa ajili ya mzazi. Nyingine zilichorwa kwa ajili ya mtawala.

Giovanni alifanywa kardinali mwaka 1560, akiwa kijana wa miaka 16. Miaka miwili baadaye alikufa, yeye, mdogo wake Garzia na mama yao, wote ndani ya wiki chache. Mitaani ukazuka uvumi kwamba Garzia alimuua kaka yake, naye akauawa na baba yao. Karne nne na nusu baadaye wataalamu waliichunguza mifupa yao wakakuta dalili za malaria.

Mwaka 2013 ilitolewa taarifa ya uchunguzi mwingine, wa mifupa ya watoto 9 wa ukoo huo waliozikwa katika Kanisa la San Lorenzo. Sita walikuwa na matege. Walikuwa wakifungwa nguo nzito na kuwekwa ndani ya majumba, jua wasilipate. Wazazi wao waliamini huko ndiko kuwatunza.