IPR na pesa ya hospitali: ni nani anapunguziwa kodi?

Wengi hapa Goma wana ndugu Marekani. Kule, mtu anaweza kuandika gharama za matibabu katika fomu yake ya kodi, zile zinazopita 7.5% ya mapato yake ya mwaka, na kodi ikapungua. Hapa kwetu Kongo njia ni nyingine. Kodi ya mfanyakazi wa mshahara ni IPR, na mwajiri ndiye anaikata na kuipeleka DGI. Fakitire ya famasi au hospitali uliyolipa mwenyewe haipunguzi IPR yako hata franga moja.

Nafuu inapitia kwa mwajiri

Ordonansi-sheria ya 10 Februari 1969 juu ya kodi za mapato inasema kwamba matibabu anayolipa mwajiri hayatozwi kodi kama mshahara, mradi yasipite kiasi. Na Sheria ya Kazi ya 16 Oktoba 2002 inamlazimisha mwajiri agharimie matibabu ya mfanyakazi na familia yake: daktari, meno, upasuaji, dawa na kulazwa hospitali, hata kama ugonjwa hautokani na kazi.

CNSS haichukui nafasi hiyo. Yenyewe inashughulika na pensheni, ajali na magonjwa ya kazi, na posho za familia. Malaria ya mtoto haimo.

Tupige hesabu

Tuchukue mfanyakazi aliye katika kiwango cha 15% cha IPR, asiye na wategemezi. Patroni anamwambia: «Nakuongezea franga 100,000 kwa mshahara, ya matibabu utajipanga.» CNSS inakata 5%, zinabaki 95,000. IPR inakata 15% ya hizo, yaani 14,250. Mkononi zinafika 80,750. Kama patroni angelipa hospitali moja kwa moja, franga 100,000 zote zingeenda kwa matibabu.

Kwa hiyo mkataba wa «mshahara ni huo huo, kila kitu ndani» unamuumiza mfanyakazi mara mbili: anajitibisha mwenyewe, tena kwa pesa iliyokwisha kukatwa kodi.

Wategemezi na wafanyabiashara

Kuna punguzo lingine lisilohitaji fakitire: IPR inapungua kwa 2% kwa kila mtegemezi anayekubaliwa na sheria, mpaka watu 9. Mwenye bibi na watoto 3 anapunguziwa 8% ya ile kodi. Mishahara mikubwa sana haipati punguzo hilo kikamilifu.

Anayejifanyia biashara naye ajue: matibabu yake mwenyewe ni matumizi ya nyumbani. Hayaingii katika gharama za biashara anazotoa kabla ya kodi.

La kufanya

Kabla ya kusaini mkataba, uliza matibabu yatalipwa namna gani, na iandikwe. Peleka kwa mwajiri vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa kwa watoto. Ukilipa hospitali kwanza ili urudishiwe, chunga karatasi ya daktari na fakitire yenye jina lako au la mgonjwa. Kila mwezi, soma karatasi ya mshahara: pesa ya matibabu iwe na mstari wake, isichanganywe na mshahara. Ikichanganywa, uliza mapema. Mwajiri akikataa kutibisha, mlango wa kugonga ni Inspeksheni ya Kazi.